Biriani na Filamu ya Mapenzi ya Kihindi katika Alasiri Moja: Mwongozo Kamili kwa Mama Mwenye Mtoto Mdogo

Filamu ya mapenzi ya Kihindi haikutengenezewa mtu mwenye haraka. Ina saa tatu au karibu nazo, ina nyimbo tano au sita, na katikati yake mna mapumziko ambayo mwandishi na mwongozaji huyapangia mahali pake tangu hadithi inapoandikwa. Mama mwenye mtoto mdogo huzihesabu saa hizo tatu kuwa ndicho kizuizi, akaishia kuitazama filamu vipande vipande kwenye simu huku ananyonyesha, leo dakika kumi, kesho wimbo mmoja, hata akafika mwisho akiwa amekwisha sahau kwa nini mwanzoni wapenzi walikosana. Mwongozo huu unashikilia rai iliyo kinyume: urefu huo ndio unaomfaa, kwa sababu biriani ya Kimombasa nayo inataka saa tatu hivyo hivyo, na kwa sehemu kubwa ya saa hizo sufuria haihitaji mkono wa mtu. Kinachotakiwa ni kuvipanga viwili hivyo ili pale filamu inapopumzika ndipo chakula kitake kazi, na pale chakula kinapotulia ndipo filamu ishike kasi.

Hatua ya kwanza: kuchagua siku na saa

Siku iwe Jumamosi au Jumapili, na filamu ianze saa 8:00 mchana kamili. Saa hiyo ina hesabu yake. Adhuhuri imekwisha swaliwa, mtoto amekula na yuko tayari kulala, na jua la Mombasa limekuwa kali kiasi cha kutomtamanisha mtu kutoka nje. Filamu ya saa tatu iliyoanza saa 8:00 hufika katikati yake saa 9:30, na hapa kwetu adhana ya alasiri husikika kati ya saa 9:10 na saa 10:00 hivi, kwa kutegemea msimu. Kwa hiyo mapumziko ya filamu na wakati wa swala hukutana vyenyewe, bila ya mtu kulazimika kuikata hadithi mahali pabaya. Ukijipa dakika arubaini za mapumziko, sehemu ya pili itamalizika kabla ya saa 12:00, na magharibi huingia baada ya saa 12:00 jioni mwaka mzima. Asiye na swala ya kuiangalia naye hapotezi kitu kwa ratiba hii, maana saa 9:30 ndiyo saa ambayo watoto wengi waliolala mchana huamka wakidai haki yao.

Umjulishe baba watoto mapema kwamba chakula cha siku hiyo kitapakuliwa jioni, na mchana watu watakula kitu chepesi. Jambo hili ni dogo likisemwa siku ya kuamkia, lakini huwa kubwa likigunduliwa saa 7:00 mchana.

Hatua ya pili: kuchagua filamu

Hapa ndipo pa kukawia, kwani filamu isiyofaa huharibu alasiri nzima hata biriani ikitoka nzuri vipi. Mambo matatu ya kuyapima ni urefu, watu utakaotazama nao, na hali ya moyo wako mwenyewe.

Kwa mpango huu wa saa tatu, filamu iliyokaa sawasawa kuliko zote ni Dilwale Dulhania Le Jayenge ya mwaka 1995, iliyoongozwa na Aditya Chopra, wakiigiza Shah Rukh Khan na Kajol. Ina zaidi ya saa tatu kidogo, na imegawika kwa namna ambayo mpishi anaipenda: sehemu ya kwanza ni ya Ulaya, ya treni na utani na mapenzi yanayochipua, na sehemu ya pili ni ya Punjab, nyumbani kwa jamaa, ambako harusi ya binti na mume aliyechaguliwa na baba yake inaandaliwa. Kijana angeweza kumtorosha binti, na mama wa binti mwenyewe anawashauri waondoke, lakini yeye anakataa kumchukua bila ya ridhaa ya baba. Mtu aliyekulia katika nyumba ambamo posa hupelekwa na wazee haihitaji tafsiri sehemu hii, na nadhani ndiyo sababu mojawapo ya filamu hii kutozeeka katika pwani yetu.

Veer-Zaara ya mwaka 2004, ya Yash Chopra, nayo inapita saa tatu. Ni hadithi ya rubani wa jeshi la anga la India na binti wa Kipakistani, mapenzi yanayogharimu kifungo cha miaka 22. Itayarishie leso ya kufutia machozi. Muziki wake una kisa chake: tuni zake ni za Madan Mohan, mtunzi aliyefariki mwaka 1975, zilizohifadhiwa bila kutumiwa hadi zikatiwa maneno mapya, na miongoni mwa walioziimba ni Lata Mangeshkar, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 75. Sauti hiyo ya uzee ikitoka katika kinywa cha msichana kwenye pazia huwa haisikiki kuwa ya uzee hata kidogo.

Ikiwa mavyaa au wazee wengine watakuwepo, usiwatie katika haya wala usijitie. Chagua Hum Aapke Hain Koun ya mwaka 1994, ya Sooraj Barjatya, wakiigiza Madhuri Dixit na Salman Khan. Ina nyimbo 14, inapita saa tatu, na karibu yote ni harusi, mashemeji, utani wa mawifi na sinia za vyakula, kwa hiyo hakuna mahali ambapo mtu atalazimika kujifanya anatafuta kijiti cha meno. Wazee wa Mombasa wana sababu yao ya kuzipenda filamu hizi, nayo ni taarabu. Marehemu Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba mashairi ya Kimvita kwa tuni nyingi zilizotoka katika filamu za Kihindi, na mavyaa anaweza kuanza kuufuatisha wimbo kwa maneno ya Kiswahili kabla ya mwigizaji hajafungua kinywa. Akifanya hivyo, mwache amalize.

Kuhusu hali ya moyo, nina onyo moja tu. Kuch Kuch Hota Hai ya mwaka 1998 ni nzuri, na wengi huisifu kwa vichekesho vya chuoni, lakini kisa chake kinasimama juu ya mama anayefariki baada ya kujifungua na kumwachia bintiye barua za kusoma kila mwaka. Mzazi aliyetoka arubaini juzi hana haja ya kuitazama sasa, itamngoja.

Kwa anayependa filamu ambamo chakula chenyewe ni sehemu ya mapenzi, ziko tatu. Jodhaa Akbar ya mwaka 2008 inapita saa tatu, na ndani yake malkia anaingia jikoni mwenyewe kumpikia mfalme, kisha analazimishwa akionje chakula mbele ya watu kabla hakijaliwa. Cheeni Kum ya mwaka 2007, wakiigiza Amitabh Bachchan na Tabu, inaanzia katika mkahawa wa London kwa ugomvi wa sahani ya pulao iliyorudishwa jikoni kwa kuwa tamu. Ya tatu ni The Lunchbox ya mwaka 2013, ambayo nitairudia mwishoni kwa kuwa haiingii katika mpango wa saa tatu.

Filamu ukishaichagua, ipakue kwenye simu au kwenye flashi tangu usiku wa kuamkia siku hiyo, kisha iache icheze dakika mbili za mwanzo, dakika mbili za katikati na dakika mbili za mwisho, ili uhakikishe kwamba sauti inakwenda sambamba na midomo na kwamba maandishi ya chini yapo. Uijaze simu chaji. Umeme ukikatika alasiri, gesi haitajali, na filamu itaendelea mkononi.

Hatua ya tatu: sokoni

Anayekaa Mji wa Kale, Bondeni au Majengo ataingia Marikiti. Wa Kisauni na Nyali, soko la Kongowea liko karibu naye zaidi. Nunua viungo vizima badala ya vilivyosagwa, kwa kuwa bizari iliyosagwa zamani na kukaa wazi katika unyevu wa pwani hubakia rangi tu. Mahitaji ya watu sita hadi wanane ni haya: kilo moja ya nyama ya mbuzi au ya ng'ombe yenye mifupa kiasi, kilo moja ya mchele wa basmati, kilo moja ya vitunguu maji, nyanya sita zilizoiva, vijiko vikubwa viwili vya nyanya ya kopo, kikombe kimoja cha mtindi mzito, viazi sita vya wastani, thomu na tangawizi za kutosha vijiko vikubwa viwili kila kimoja baada ya kutwangwa, ndimu tatu, fungu moja la dania, pilipili mbichi kwa kadiri ya ndimi za nyumbani, vijiko vitatu vya samli, na mafuta ya kukaangia. Viungo ni kijiko kikubwa kimoja cha gilgilani, kijiko kidogo kimoja na nusu cha bizari nzima, kijiko kidogo kimoja cha pilipili manga, iliki nane, karafuu tano na vijiti viwili vya mdalasini. Zafarani ni ya mwenye uwezo; rangi ya biriani hufanya kazi ya macho ingawa haifanyi ya pua.

Ongeza kachri kidogo na mabuyu kwa ajili ya kutafuna wakati wa filamu. Bisi na njugu ni za wakubwa peke yao: mtoto wa chini ya miaka minne hupaliwa navyo kwa urahisi, na giza la chumba cha kutazamia halisaidii kuona alichookota sakafuni.

Hatua ya nne: jioni ya kuamkia

Kazi mbili zifanywe jioni hii, nazo ndizo zinazoamua kama kesho utatazama filamu au utaisikiliza ukiwa jikoni.

Kazi ya kwanza ni vitunguu. Vikate vyembamba na sawasawa, kwani vinene na vyembamba vikichanganyika vitaungua hivi kabla vile havijabadilika rangi. Vikaange kwa mafungu katika mafuta mengi na moto wa wastani, kila fungu dakika kumi na tano hadi ishirini, ukigeuza mara nyingi zaidi kadiri rangi inavyokaribia. Vitoe vikiwa na rangi ya dhahabu, kabla ya kufika kahawia, kwa sababu huendelea kuiva vikiwa nje ya mafuta, na kitunguu kilichopita kiasi hulitia rojo zima uchungu ambao hakuna ndimu ya kuuondoa. Vitandaze juu ya karatasi hadi vipoe kabisa, ndipo uvitie katika chombo chenye kifuniko kinachobana. Vikikaa wazi usiku mmoja tu katika hewa ya Mombasa vitalegea. Mafuta usiyamwage, ni ya kesho. Katika mafuta hayo hayo kaanga viazi vilivyomenywa na kukatwa nusu mpaka vishike rangi nje, navyo uviweke kwenye friji.

Kazi ya pili ni nyama. Changanya mtindi, thomu, tangawizi, nusu ya viungo vilivyokaangwa kikavu na kusagwa, maji ya ndimu moja na chumvi, uifunike nyama na kuilaza kwenye friji. Wako wanaotia papai bichi ili nyama ilainike, na ni njia nzuri ikiwa nyama itakaa saa moja tu. Ikilala usiku kucha na papai itageuka uji, hivyo kwa mpango huu papai halina kazi. Asiye na friji asiilaze nyama usiku, aichanganye kesho asubuhi baada ya kuinunua, na hapo kijiko kimoja cha papai bichi lililokunwa kitamfaa.

Hatua ya tano: kuanzia saa 6:45 hadi saa 8:00 mchana

Tengeneza kwanza chai ya maziwa yenye iliki na tangawizi, uitie kwenye chupa ya chai na kuifunga. Wengi wangependa kukaanga viazi karai au bhajia wakati wa mapumziko, na kweli ni tamu zikiwa moto na ukwaju, lakini mafuta yanayochemka na mtoto aliyeamka sasa hivi ni mambo mawili yasiyopaswa kukutana katika jiko dogo. Mahamri yaliyobaki asubuhi yakichovywa katika chai hayana ubaya wowote.

Saa 7:10 injika sufuria nzito ya rojo. Weka vijiko vitatu vya mafuta ya vitunguu na vijiti vya mdalasini, tia nyanya ya kopo uikaange dakika mbili hadi mafuta yajitenge, kisha tia nyanya zilizokatwa, uzikaange mpaka ziwe laini. Ingiza nyama pamoja na mtindi wake, na uipike kwa moto wa wastani ukikoroga bila kuacha katika dakika tano za mwanzo ili mtindi usikatike. Tia viungo vilivyobaki na vikombe viwili vya maji ya moto. Iache ichemke vizuri, na inapokaribia saa 8:00 teremsha moto hadi chini kabisa, mpaka uso wa rojo uwe unatokota polepole tu, na ufunike. Kutoka hapo nyama ya mbuzi au ya ng'ombe inataka saa moja na nusu, ambayo ndiyo sehemu ya kwanza ya filamu.

Mwenye jiko moja la gesi anaweza kuipika nyama juu ya seredani na kuiachia gesi kazi ya wali. Seredani ikae uani au upenuni penye hewa, na isiingizwe katika chumba ambamo mtoto amelala, hata kama moshi hauonekani, kwa sababu hewa ya sumu ya makaa haina rangi wala harufu.

Kabla ya kukaa, pima mchele na kuuweka ndani ya bakuli bila maji, uyaweke karibu chumvi, samli na vitunguu vyako. Mnyonyeshe au mlishe mtoto, ukae mahali unapoweza kuuona mlango wa jikoni, na uweke kengele mbili katika simu: saa 8:40 na saa 9:05.

Kuhusu mtoto na kioo cha simu au televisheni, Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2019 lilishauri kwamba mtoto aliye chini ya miaka miwili asitazamishwe kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asipitishe saa moja kwa siku. Kwa hiyo mpango huu unategemea usingizi wa mchana. Filamu isifanywe yaya. Akiamka mapema, ni wakati wa baba yake au wifi yako kumtembeza barazani.

Hatua ya sita: sehemu ya kwanza ya filamu

Watu wengi huinuka kwenda jikoni wimbo unapoanza, wakiuona wimbo kuwa nafasi ya bure. Mimi siafikiani nao. Katika filamu za mapenzi za Kihindi wimbo ndipo mahali ambapo wapenzi husema yale ambayo adabu hairuhusu wayaseme kwa maneno, na mara nyingi miezi mizima ya hadithi hupita ndani ya dakika tano za wimbo mmoja: wanaanza wakiwa hawajuani vizuri, wanamaliza wakiwa hawawezi kuachana. Ukitoka wakati huo, ukirudi utajiuliza mapenzi yalitoka wapi. Inuka badala yake wakati mjomba mcheshi au mtumishi mlafi anapoingia kwenye pazia, kwa kuwa vituko vyake havibadilishi hadithi.

Kengele ya saa 8:40 ni ya kukoroga rojo hadi chini na kuongeza maji ya moto nusu kikombe ikiwa limeanza kushika. Ya saa 9:05 ni ya kulikoroga tena na kuosha mchele mara tatu au nne hadi maji yasiwe meupe, kisha kuuloweka. Nusu saa inautosha; basmati iliyolowekwa kuanzia saa 8:00 itavunjika ikichemshwa. Kila moja ya safari hizi ni ya dakika mbili au tatu, na filamu inaweza kusimamishwa.

Kama mikono yako haipendi kukaa bure, ipe kazi isiyotaka macho: kuchambua majani ya dania, kumenya thomu ya wiki nzima, kupukusa mbaazi mbichi. Kisu kikae jikoni.

Hatua ya saba: mapumziko

Neno la mapumziko litakapotokea kwenye pazia, ambalo karibu kila mara hutokea pale ambapo baba amegundua au treni imeondoka, usikae kulifikiria. Kitu cha kwanza ni kuinjika sufuria kubwa yenye lita nne za maji, chumvi vijiko viwili vikubwa, iliki mbili na karafuu mbili, ukiwa umeisukuma nyuma ambako mkono wa mtoto haufiki. Ndipo uende kutawadha na kuswali, huku mtu mwingine akiwa na mtoto. Ukimaliza, maji yatakuwa yanakaribia kuchemka.

Wakati wa kuyangoja, onja nyama. Ikiwa imelainika, vifikiche vitunguu vya kukaanga kwa mkono na kuvitia katika rojo, ubakishe kiganja kimoja cha kupambia wali. Tia viazi, pilipili mbichi nzima, dania iliyokatwa na maji ya ndimu ya pili. Rojo likiwa jepesi, ondoa kifuniko na uongeze moto kidogo. Biriani ya huku kwetu hupakuliwa wali mbali na rojo mbali, kwa hiyo rojo linatakiwa liwe zito la kukaa juu ya wali bila kuteleza hadi ukingoni mwa sahani.

Maji yakichemka kwa nguvu, mwaga mchele uliochujwa. Kuanzia dakika ya sita toa punje moja uibonyeze kwa vidole: ikikatika kwa urahisi lakini ikaonyesha kiini kidogo kigumu cheupe katikati, imefika. Usiingoje iive. Chuja haraka, rudisha wali sufuriani, mwagia samli na vijiko vitatu vya mafuta ya vitunguu, kisha zafarani iliyorowekwa katika maziwa vuguvugu au rangi, mahali pawili au patatu tu ili wali utoke wenye punje nyeupe na za manjano. Funika kwa kitambaa safi kisicholegea pembeni chini ya kifuniko, moto chini kabisa, dakika ishirini. Mwenye makaa ayapalie juu ya kifuniko kama ilivyo desturi, lakini kwa karatasi ya jikoni ya fedha badala ya kitambaa.

Mtoto aliyetimiza miezi sita na kuanza kula atengewe chake hapa: kiazi kimoja na wali kidogo vilivyochemshwa mpaka vikalainika kabisa na kupondwa na mafuta kidogo. Rojo lina chumvi na pilipili zisizomfaa. Sasa mimina chai, lete mahamri, na muwe mmekaa ifikapo saa 10:10.

Hatua ya nane: sehemu ya pili na kupakua

Sehemu ya pili ndiyo yenye baba mkali, barua zisizofika na machozi, na safari ya jikoni ni moja tu, ya kuzima moto wa wali baada ya dakika ishirini. Usiufunue. Ukifunikwa katika sufuria nzito utakaa na joto lake mpaka wapenzi wapatane. Rojo lizimwe wakati huo huo na lipashwe kwa dakika tano mwishoni hadi litokote.

Filamu ikimalizika, kata kachumbari: kitunguu kilichooshwa kwa chumvi na kukamuliwa, nyanya, pilipili na ndimu ya tatu. Uutoe wali kwa sahani bapa kutoka pembeni kwenda chini, bila kuupekecha kwa mwiko, uuweke kwenye sinia, juu yake vitunguu vilivyobakishwa, na rojo katika bakuli la peke yake. Ndizi mbivu na achari ya embe ni kwa mwenye kuzipenda.

Kwa siku za kazi

Jioni ya Jumanne haina saa tatu, na hapo ndipo The Lunchbox inapoingia. Ni ya dakika zisizofika 110, na hadithi yake inamhusu mama kijana wa Mumbai anayempikia mumewe chakula cha mchana kwa matumaini ya kuyarudisha mapenzi yaliyopoa, lakini chombo kinapelekwa kimakosa kwa mtu mwingine, mjane karibu na kustaafu, na barua zinaanza kupita ndani ya chombo hicho. Aliye juu ghorofani, mama mmoja anayesikika tu bila kuonekana, humpa ushauri wa viungo kwa sauti na kumteremshia vitu kwa kikapu kupitia dirishani. Yeyote aliyekaa katika nyumba za ghorofa za Makadara au Tudor anamjua mama huyo.

Chakula chake kiwe pojo la nazi. Chemsha pojo lililolowekwa tangu mchana, litachukua dakika arubaini hadi hamsini. Kaanga kitunguu, nyanya na bizari ya manjano, uchanganye, kisha utie tui jepesi na mwisho tui zito kwa moto mdogo bila kufunika. Tui zito lisitiwe mpaka filamu imalizike, kwa kuwa likiachwa peke yake hukatika, na chakula cha nazi kilichokaa nje usiku mmoja Mombasa asubuhi huwa kimekwisha chacha.

Biriani iliyobaki Jumamosi nayo isingoje. Utandaze wali katika sinia upoe haraka, uingie kwenye friji ndani ya saa mbili tangu kupakuliwa, na ule kesho yake. Ukiupasha, unyunyizie maji, ufunike, upate moto wa kufuka mvuke mpaka katikati, na usiupashe mara ya pili. Rojo likihifadhiwa mbali na wali hudumu siku mbili, na kwa chapati za Jumapili jioni huwa na ladha iliyokolea kuliko siku lilipopikwa.